Nilifunga kredi yangu kwenye taasisi zote tatu, lakini laini za simu zimefunguliwa kwa jina langu. Mwizi amepitia wapi?

#1 Mwana_Pangani (Columbus, Ohio)

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa mawazo, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi kwa wiki mbili sasa.

Mwaka 2021 mwajiri wangu wa zamani alinitumia barua akinieleza kwamba kumbukumbu za wafanyakazi zimeibwa, zikiwemo namba zetu za soshali (Social Security, namba ya utambulisho ya kila mtu hapa Marekani). Asubuhi hiyohiyo, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nilikaa mezani nikalifunga faili langu la mikopo katika zile taasisi tatu za taarifa za mikopo: Equifax, kisha Experian, kisha TransUnion. Nywila zote niliziandika kwenye daftari, nikalala nikiamini kwamba hakuna atakayekopa tena kwa jina langu.

Sasa wakusanya madeni wananidai dola 1,140 za simu mbili na laini mbili zilizochukuliwa tarehe 21 Juni mwaka jana, katika jimbo ambalo sijawahi hata kulipita kwa basi. Jina ni langu, tarehe ya kuzaliwa ni yangu, na tarakimu nne za mwisho za soshali ni zangu. Ninachouliza ni hiki: ikiwa faili lilikuwa limefungwa, hiyo kampuni ya simu iliangalia nini hadi ikamkubali mtu huyo?

#2 Fundi_Hesabu (Seattle)

Pole sana, ndugu. Tuanze na jinsi mfumo unavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wetu tunasema "nimegandisha kredi" bila kuwaza ni kitu gani hasa kilichoganda.

Kufunga faili hakumzuii mtu kuandika jina lako kwenye fomu. Kunachozuia ni taasisi ya taarifa za mikopo kumpa mkopeshaji mpya ripoti yako. Mkopeshaji akikosa ripoti huogopa kutoa fedha, na hapo ndipo mwizi anapokwama. Lakini mfanyabiashara ambaye hakuiomba ripoti hiyo, au aliyeiomba mahali pengine, hakukutana na kufuli lako hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mwizi alipita wapi, tuulize kampuni ilitazama wapi.

#3 Kaka_Houston

Pole kaka. Mimi nilifunga mwaka 2017, baada ya ule wizi mkubwa wa Equifax uliogusa watu milioni 143. Nilipiga simu kwenye taasisi moja tu, nikalipa dola 10, nao wakaniambia watazijulisha nyingine mbili. Huenda kosa lako ni kwamba hukulipia.

#4 Bi_Msafiri (Minneapolis)

Kaka_Houston, nakuheshimu, lakini ujumbe wako una mambo matatu yanayohitaji kurekebishwa, na mmoja wetu anaweza kuumia akiyafuata.

Idadi ya milioni 143 ndiyo iliyotangazwa mwanzoni, Septemba 2017. Baadaye iliongezeka hadi takriban milioni 147.

Malipo yalikuwepo wakati huo kwa sababu kila jimbo lilikuwa na sheria yake. Tangu tarehe 21 Septemba 2018 sheria ya shirikisho inazilazimisha taasisi zote tatu kufunga na kufungua bila malipo, kwa hiyo Mwana_Pangani hakuwa na cha kulipia mwaka 2021.

La tatu ndilo zito zaidi. Taasisi inayowajibika kuzijulisha wenzake ni ile unayoiomba ikuwekee tahadhari ya ulaghai, ambayo kwa sasa hudumu mwaka mmoja na humtaka mkopeshaji achukue hatua za kuthibitisha kwamba mwombaji ni wewe. Tahadhari si kufuli. Kufunga faili ni lazima uombe katika kila taasisi peke yake. Nafanya kazi kwenye tawi la benki, na kila mwezi nakutana na mtu aliyefunga mlango mmoja akadhani amefunga mitatu.

#5 Kaka_Houston

Ahsante, Bi_Msafiri. Nimeingia kuangalia sasa hivi: niko wazi kwenye taasisi mbili, na nimekuwa wazi tangu mwaka huo wa 2017. Nawaacha kidogo.

#6 Fundi_Hesabu

Nikiendelea na nilichosema #2. Zipo hifadhi nyingine za kumbukumbu ambazo watu wengi hawazifahamu. Kampuni za simu, umeme na televisheni ya kulipia zina ushirika wao wa kubadilishana taarifa za wateja, unaoitwa NCTUE. Hifadhidata yake inasimamiwa na Equifax, lakini ni faili tofauti, na kufunga faili la Equifax hakufungi lile la NCTUE. Inabidi uombe kivyake. Benki nazo, mtu anapofungua akaunti ya kawaida ya kuweka fedha, hutazama zaidi ChexSystems, hifadhi ya kumbukumbu za akaunti za benki, na huko pia kuna utaratibu wa kufunga. Ipo na taasisi ya nne ya mikopo, ndogo kuliko zile tatu, iitwayo Innovis.

Mimi ningeweka dau kwamba kampuni hii ilitazama NCTUE ikaridhika. Deni ni la simu, na huko ndiko watu wa simu wanakoulizana.

#7 Bi_Msafiri

Inawezekana, ingawa nisingelikimbilia hilo kwanza. Mwana_Pangani, kati ya mwaka 2021 na Juni mwaka jana, hukuwahi kulifungua faili hata kwa muda? Kununua gari, kupanga nyumba, kuomba kadi ya duka?

#8 Mwana_Pangani

Dada, swali lako limenishtua. Ni kweli nilinunua gari mwezi huohuo wa Juni. Muuzaji alisema hajui benki yake itatazama taasisi ipi, akaniomba nifungue zote tatu. Nilifungua kwa siku saba, kuanzia tarehe 12 hadi tarehe 19, na zikajifunga zenyewe. Laini zilichukuliwa tarehe 21, yaani siku mbili baada ya kufungwa, ndiyo maana sikuwahi kulifikiria.

#9 Bi_Msafiri

Tarehe iliyo kwenye barua ya deni inaweza kuwa siku laini zilipoanza kufanya kazi, au siku simu zilipofika mlangoni. Ombi lenyewe lingeweza kufanywa tarehe 17 au 18. Na fikiria ni wakati gani namba yako ya soshali, leseni yako na hati ya mshahara vilikuwa juu ya meza ya watu usiowajua: ni wiki hiyohiyo.

Ushauri wangu kwa wengine ni kwamba ukitakiwa kufungua, omba uambiwe taasisi itakayotazamwa, ufungue hiyo moja, na kwa siku chache kadiri inavyowezekana. Ukiomba kwa simu au mtandaoni, sheria inawapa saa moja tu ya kukufungulia, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha wazi wiki nzima. Anayetuma maombi kwa posta ndiye atakayesubiri hadi siku tatu za kazi.

#10 Mlezi_wa_Kivu (Louisville, Kentucky)

Salamu kwenu. Mimi naleta maelezo mengine kabisa, kwa sababu yalinikuta, na hakukuwa na mwizi.

Sisi tuliokuja kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wengi tuliandikiwa kwamba tumezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa hatukuwa na vyeti, na karani alihitaji kujaza kisanduku. Hapa Louisville, katika kanisa letu peke yake, naweza kuwahesabu wanaume watano wenye tarehe hiyo, na wawili kati yao wana jina moja na tofauti ya herufi moja. Mwaka juzi nilidaiwa deni la hospitali katika mji nisioujua. Nilihangaika miezi minne nikitafuta tapeli. Mwishowe ikaonekana kwamba mgonjwa alikuwa mtu halisi, mwaminifu, mwenye jina langu na tarehe yangu, na kompyuta ilituunganisha tukawa mtu mmoja.

Kufuli haliwezi kutibu hilo, maana hakuna aliyeingia kwako. Ni rekodi ya mtu mwingine iliyomwagwa ndani ya faili lako. Ndugu Mwana_Pangani, tarehe yako ya kuzaliwa ni ya kweli au ni ya karani?

#11 Mwana_Pangani

Ni ya kweli, mzee, nina cheti kutoka Tanga. Lakini jina langu ni la kawaida mno pwani, siwezi kukataa.

#12 Mwalimu_Lamu (Toronto)

Mlezi_wa_Kivu amefungua mlango muhimu, nami naongeza upande wake wa pili. Watu wa pwani tunaitwa kwa jina letu, la baba na la babu. Hatuna jina la ukoo kwa maana wanayoitaka fomu za Marekani. Niliishi Virginia miaka tisa: kazini niliandikwa kwa jina langu na la babu, benki ikaandika langu na la baba, na kwenye leseni jina la baba likawa herufi moja yenye nukta. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na mafaili mawili katika taasisi moja, kila moja likiwa na nusu ya maisha yake. Mimi nilikuwa nayo, na nilipofunga, lililofungwa lilikuwa moja. Lile jingine, lenye jina la baba na anwani yangu ya kwanza, lilibaki wazi hadi nilipoandika barua na kuambatisha nakala za vitambulisho, nikaomba yaunganishwe.

Mwana_Pangani, majina yako yameandikwa kwa namna ngapi?

#13 Dada_Worcester

Nasema kwa upole jambo ambalo wengine hawataki kulisema. Tunatafuta wadukuzi wa mbali wakati kuna wanaoazimana soshali ndani ya nyumba zetu. Binamu hana alama za mikopo (namba inayoonyesha jinsi mtu anavyolipa madeni), anaombwa dhamana, umeme umekatwa, basi unamwandikia jina lako "kwa mwezi mmoja tu". Mimi nilifanya hivyo mwaka 2015, na deni nililipa mwenyewe hadi 2018. Kaka, uliwahi kumwazima mtu? Au uliishi na watu wanaojua ulipoweka makaratasi yako?

#14 Mwana_Pangani

Dada, sijawahi kumwazima mtu namba yangu, na swali lako limeniuma kidogo, ingawa naelewa kwamba umeuliza kwa nia njema. Nilipofika niliishi na wenzangu wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili, na kadi yangu ya soshali ilikaa kwenye droo ya jikoni pamoja na kila kitu. Lakini wale walinipokea uwanja wa ndege nikiwa sina hata koti. Sitaweka jina la yeyote kati yao kwenye karatasi ya polisi kwa kukisia.

#15 Dada_Worcester

Nakuelewa, na naomba radhi kwa kuumiza. Sikuwa nataka umtaje mtu, bali tu uwezekano huo usifutwe.

#16 Kaka_Houston

Nimerudi. Nimefunga zote tatu, na imenichukua dakika 25 pamoja na kuhangaika na nywila. Mke wangu amefunga zake pia, akanikumbusha kwamba miaka yote hii nimekuwa nikimhubiria usalama.

#17 Bi_Msafiri

Mfikishie shemeji salamu zetu, na umpe yeye daftari la nywila.

#18 Kijana_wa_Likoni (Dallas)

Samahani wakubwa, nimesikia kwamba kufunga kunashusha alama za mikopo, na kwamba mwajiri akikuchunguza atakuona kama mtu mwenye jambo la kuficha. Ni kweli?

#19 Fundi_Hesabu

Si kweli, mdogo wangu. Kufunga hakugusi alama zako kabisa, na kadi ulizonazo zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Wanaokudai tayari bado wanaruhusiwa kulitazama faili, kadhalika wakusanya madeni wanaofanya kazi kwa niaba yao, na sheria ya mwaka 2018 imeuweka uchunguzi wa ajira nje ya kufuli. Kilicho karibu na hofu yako ni bidhaa nyingine, inayoitwa "kufuli" (lock), inayouzwa na taasisi zenyewe kupitia programu ya simu, wakati mwingine kwa malipo ya kila mwezi. Hiyo inaongozwa na mkataba kati yako na wao, wala haina ulinzi wa sheria kama ule wa kufunga kwa kawaida. Usilipie unachoweza kupata bure.

#20 Nyota_ya_Kisumu (Atlanta)

Kabla hamjaendelea mbali, naomba mtu asiondoke hapa akidhani kwamba faili likifungwa ametua mzigo. Nilikuwa nimefunga kila kitu. Nilipotuma marejesho ya kodi mtandaoni yalikataliwa, kwa maelezo kwamba namba yangu ya soshali ilikwisha kutumika mwaka huo. Mtu alikwisha kuwasilisha kwa jina langu na kuomba fedha. Idara ya kodi haitazami ripoti ya mikopo inapopokea marejesho, kwa hiyo kufuli langu halikuwa na kazi pale. Nilijaza Fomu 14039 ya kuripoti wizi wa utambulisho, nikatuma makaratasi kwa posta, na fedha zangu za mwaka ule zilinifikia mwaka uliofuata.

Kinga yake ni namba ya siri ya tarakimu sita inayotolewa na IRS, yaani idara hiyo ya kodi, ambayo hubadilika kila mwaka, na bila hiyo marejesho ya mtandaoni yanayobeba soshali yako hukataliwa. Tangu Januari 2021 mtu yeyote anayeweza kuthibitisha utambulisho wake anaweza kuiomba, hata kama hajawahi kuibiwa.

#21 Mama_Wawili (Phoenix)

Na watoto je? Binti yangu ana miaka sita. Nani atajua kama kuna mtu anatumia namba yake hadi atakapofika chuo?

#22 Bi_Msafiri

Mama, swali zuri, kwa sababu namba ya mtoto ni safi na hakuna anayeichungulia kwa miaka mingi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 mzazi anaweza kuomba, bila malipo, taasisi imwanzishie rekodi kama hana, kisha iifunge. Huwa wanataka nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi yake ya soshali, na kitambulisho chako mzazi, na kwa kawaida hutumwa kwa posta. Akifika 16 anaweza kuomba mwenyewe.

#23 Baharia_Kigamboni (Dar es Salaam)

Nawasoma kutoka nyumbani. Huku kwetu mwizi huanza na laini ya simu, kwa sababu fedha na mikopo midogo vyote vimo humo. Tangu usajili kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kila laini imefungwa kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na ukipiga *106# unaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilikuta laini mbili nisizozijua. Nikawaza kuwa mngekuwa na namba fupi kama hiyo huko, Mwana_Pangani angeziona zile laini mwezi wa Juni uleule.

#24 Fundi_Hesabu

Ndugu Baharia, umesema kweli. Kilicho karibu zaidi ni AnnualCreditReport.com, ambako kila mtu anaweza kuchukua ripoti zake tatu bure kila wiki. Hatuna tu mtu wa kutukumbusha, basi.

Mwana_Pangani, acha kidogo swali la nani, kwa sababu muda unakwenda. Kuanzia siku ulipopokea taarifa rasmi ya deni una siku 30 za kulipinga kwa maandishi, nawe umesema wiki mbili zimepita. Ukipinga ndani ya muda huo wanatakiwa kusimamisha ukusanyaji hadi wakuletee uthibitisho. Tuma kwa barua iliyosajiliwa. Kisha ingia IdentityTheft.gov utengeneze ripoti ya wizi wa utambulisho. Taasisi za mikopo zikipokea ripoti hiyo pamoja na uthibitisho kwamba ni wewe, zina siku nne za kazi za kuzuia deni hilo lisionekane kwenye faili. Na tafadhali usilipe hata dola moja ili wakuache upumue, maana wataichukua kama ungamo.

Katika ripoti zako tafuta orodha ya walioomba kuliona faili. Maombi ya mikopo hukaa humo hadi miaka miwili. Kama kampuni ya simu iliomba ripoti kwa njia ya kawaida, jina lake litakuwemo pamoja na tarehe. Likiwa kati ya tarehe 12 na 19, Bi_Msafiri ameshinda. Lisipokuwepo popote, nitazidi kuamini NCTUE.

#25 Mwana_Pangani

Ahsanteni nyote. Barua ya kupinga deni imeondoka jana kwa posta, na ripoti ya wizi nimeikamilisha. Nimeomba pia ripoti yangu ya NCTUE na kuifunga.

Ripoti mbili za mikopo nimezipata mtandaoni. Zote zina benki sita za gari kati ya tarehe 13 na 15 Juni, wala hakuna kampuni ya simu. Ya tatu mfumo ulinikatalia, kwa kusema kwamba majibu yangu kuhusu anwani za zamani hayalingani na kumbukumbu zao, kwa hiyo nimeiomba kwa posta.

#26 Mwalimu_Lamu

Majibu yako hayalingani na kumbukumbu zao? Ndugu yangu, hivyo ndivyo nilivyoanza mimi. Taasisi hiyo ina mtu mwingine akilini, au ina nusu yako.

#27 Bi_Msafiri

Au alisahau namba ya nyumba aliyoishi miaka minane iliyopita, kama wateja wangu wengi. Na benki sita kwa siku tatu ni mikono mingi iliyoishika soshali yake.

#28 Mwana_Pangani

Bahasha ya taasisi ya tatu imefika leo mchana. Jina limeandikwa kwa namna mbili, moja ikiwa na jina la baba na nyingine la babu. Kuna anwani nne: tatu ni zangu, na ya nne iko katika jimbo lile la laini za simu. Mahali pa walioomba ripoti zimo benki za gari, na jina moja la kampuni nisiyoijua, tarehe 18 Juni. Nimelitafuta jina hilo, na inaonekana ni kampuni inayowathibitishia wafanyabiashara wengine utambulisho wa wateja.

#29 Mlezi_wa_Kivu

Anwani ya nne huenda ni ya mtu mwenye jina lako. Waandikie uwaulize iliingia lini na ililetwa na nani.

#30 Bi_Msafiri

Tarehe 18 faili lilikuwa bado wazi.

#31 Fundi_Hesabu

Na kuthibitisha utambulisho si kuomba mkopo; upekuzi wa namna hiyo hauzuiwi na kufuli, liwe limefungwa au liko wazi. Subiri karatasi ya NCTUE.

#32 Mwana_Pangani

Naisubiri. Barua ya kuuliza kuhusu anwani nitaiandika usiku huu nikitoka zamu, na majina yote matatu nitayaandika kwa ukamilifu, langu, la baba na la babu.